Mwongozo Kamili wa Kusahihisha Kosa Katika Utafiti Uliochapishwa Kuhusu Sigara za Kielektroniki

Mnamo Juni 2019, jarida la Journal of the American Heart Association lilichapisha makala iliyoeleza kwamba watu wazima wanaotumia sigara za kielektroniki kila siku walikuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo kwa uwiano wa odi (kipimo kitakachoelezwa mbele) wa 2.25 ukilinganisha na watu ambao hawajawahi kuzitumia. Tarehe 18 Februari 2020, wahariri wa jarida hilohilo waliibatilisha. Katikati ya tarehe hizo kulikuwa na barua, uchambuzi mpya wa data, mabishano ya hadharani na ombi la wahariri ambalo waandishi hawakuweza kulitimiza kwa muda waliopewa. Kisa hicho kitarejewa mara kadhaa katika mwongozo huu, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wengi wanaoandikia majarida hulikosa: barua ya kuomba marekebisho hufanikiwa pale mhariri anapoweza kulithibitisha kosa yeye mwenyewe, bila kulazimika kumwamini aliyeiandika.

Mwongozo huu umekusudiwa mtafiti, mwanafunzi wa shahada za juu, mwandishi wa habari za afya au msomaji makini aliyekuta kosa katika makala ya kitaaluma kuhusu bidhaa hizi. Sehemu moja karibu na mwisho inamhusu mtafiti aliyegundua kwamba kosa ni lake.

Tenganisha kosa na tofauti ya maoni

Kabla ya kuandika chochote, jiulize kama unachokiona ni kosa au ni hukumu ya kitaaluma usiyokubaliana nayo. Katika fani hii mpaka huo huvukwa kila siku, kwa kuwa wanasayansi wa afya ya jamii wamegawanyika kuhusu nafasi ya sigara za kielektroniki, na kila upande una mazoea ya kuita “kosa” kila kisichoupendeza. Chukua mfano wa taarifa ya mwaka 2015 ya Public Health England, wakala wa serikali wa afya ya jamii nchini Uingereza wakati huo, iliyosema kwamba matumizi ya bidhaa hizi yana madhara pungufu kwa takriban asilimia 95 ukilinganisha na uvutaji wa sigara za kawaida. Kadirio hilo lilitegemea kwa sehemu kubwa maoni ya jopo la wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2014, na jarida la The Lancet lililikosoa vikali kwa sababu ya udhaifu wa ushahidi huo. Mtu anaweza kuliona kadirio hilo kuwa dhaifu, au kuwa la busara, lakini hakuna safu ya data inayoweza kufunguliwa ili kuonyesha kwamba namba hiyo ilinakiliwa vibaya. Mahali pake ni mjadala, yaani barua ya maoni au makala ya kujibu, wala si ombi la sahihisho.

Kosa lina sura nyingine. Ni namba isiyolingana na jedwali lake, kipimo kilichogeuzwa visivyo, mshiriki aliyewekwa katika kundi lisilo lake, tukio lililohesabiwa kuwa matokeo ya jambo ambalo lilikuwa halijatokea bado, au sentensi ya hitimisho inayodai kitu ambacho mbinu iliyotumika haiwezi kukionyesha. Kipimo rahisi ni hiki: andika kwenye karatasi sentensi ya makala unayoona si sahihi, kisha chini yake andika jinsi inavyopaswa kusomeka. Ukishindwa kuandika sentensi ya pili, bado hujalipata kosa. Umepata shaka tu. Shaka ni mwanzo mzuri wa kazi, ila haitoshi kumpelekea mhariri.

Hakikisha unasoma toleo sahihi

Hatua hii ni fupi, lakini ukiiruka unaweza kuaibika bure. Fungua makala kupitia namba yake ya DOI, yaani utambulisho wake wa kudumu mtandaoni, katika tovuti ya jarida, usitegemee nakala uliyotumiwa. Angalia kama tayari kuna sahihisho lililounganishwa nayo, soma viambatisho vyote, na kama makala ilitanguliwa na chapisho la awali, yaani toleo lililowekwa mtandaoni kabla ya kuhakikiwa, linganisha matoleo hayo mawili. Mara nyingi namba inayoonekana kukosekana katika makala imo kwenye ukurasa wa mwisho wa kiambatisho, na mara nyingine kosa unalolalamikia lilisahihishwa kabla ya wewe kulisoma.

Lithibitishe kosa kwa mikono yako

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo panapofaa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa. Makosa katika utafiti wa sigara za kielektroniki hujirudia katika sehemu chache zinazojulikana, kwa hiyo inafaa kuzikagua kwa mpangilio.

Anza na vipimo. Ukolezi wa nikotini huandikwa na wengine kwa miligramu katika kila mililita na wengine kwa asilimia, na asilimia yenyewe inaweza kuwa ya uzito au ya ujazo. Kimiminika chenye miligramu 18 kwa mililita huitwa cha asilimia 1.8 bila tatizo, endapo asilimia hiyo inahesabiwa kwa ujazo. Bidhaa ya Juul, chapa ya sigara za kielektroniki, iliyouzwa Marekani ikiwa na lebo ya asilimia 5, hata hivyo, ilihesabu asilimia hiyo kwa uzito, na ukolezi wake ulitajwa kuwa miligramu 59 kwa mililita. Tofauti hiyo inatokana na uzito wa vimiminika vinavyobeba nikotini: mililita moja ya propilini glaikoli ina gramu 1.04 hivi, na ya gliserini ina gramu 1.26 hivi, kwa hiyo mchanganyiko wake ni mzito kuliko maji. Mtafiti aliyeandika miligramu 50 kwa mililita atapata miligramu 35 za nikotini katika katriji ya mililita 0.7, ilhali kiasi chenyewe ni kama miligramu 41. Kosa la namna hii halionekani kwa jicho, kwa sababu namba zote mbili zinaonekana za kawaida. Linajitokeza tu pale unapochukua kalamu na kuzidisha.

Kipimo cha pili cha kukagua ni kile kilichogawanywa. Matokeo ya maabara yanaweza kutolewa kwa kila mvuto mmoja, kwa mivuto 10, kwa kila katriji au kwa siku nzima. Barua ya kitafiti iliyochapishwa na New England Journal of Medicine mnamo Januari 2015 iliripoti wastani wa mikrogramu 380 za fomaldehaidi, ikiwa katika umbo la viambata vinavyoweza kuiachilia, kwa kila sampuli ya mivuto 10, kifaa kikiwa kimewekwa kwenye volti 5.0, ilhali katika volti 3.3 viambata hivyo havikugunduliwa kabisa. Anayenukuu 380 kama kiasi cha mvuto mmoja ameikuza namba hiyo mara 10, na anayeinukuu bila kutaja volti ameacha nje nusu ya matokeo. Hayo ni makosa ya anayenukuu, nayo yanaweza kusahihishwa mara moja. Suala lililozua ubishi mkubwa zaidi kuhusu barua hiyo lilikuwa la aina nyingine: wakosoaji walidai kwamba katika volti ya juu namna hiyo, kwa kifaa cha aina ile, utambi hukauka na koili huunguza kimiminika, hivyo mtumiaji angepata ladha kali ya kuungua na kuacha kuvuta. Baadhi yao waliomba barua hiyo ibatilishwe, lakini haikubatilishwa. Kwa maoni yangu jambo hilo halishangazi, kwa kuwa vipimo vyenyewe havikuonyeshwa kuwa vya uongo. Kilichobishaniwa ni kama hali ya maabara inafanana na matumizi ya kweli, na kama makadirio ya hatari ya saratani yaliyojengwa juu ya hali hiyo yalistahili kutolewa.

Baada ya vipimo, kagua maana ya “mtumiaji”. Katika tafiti nyingi za vijana, mtumiaji wa sasa ni yeyote aliyetumia walau siku moja katika siku 30 zilizopita, na aliyewahi kutumia ni pamoja na yule aliyejaribu mara moja tu. Soma dodoso lenyewe, si maelezo ya dodoso yaliyomo ndani ya makala, kisha uone kama sentensi ya hitimisho inatumia maana ileile iliyotumika kwenye jedwali. Angalia pia bidhaa iliyohusishwa. Mlipuko wa majeraha ya mapafu nchini Marekani mwaka 2019, ambao hadi Februari 2020 ulikuwa umesababisha watu 2,807 kulazwa hospitalini au kufariki, ulihusishwa kwa nguvu na asetati ya vitamini E, hasa katika vimiminika vyenye THC, yaani kiambata cha bangi. Makala inayojumlisha matukio hayo na matumizi ya vimiminika vya nikotini bila kutenganisha imefanya kosa la kuainisha, na kosa hilo linaweza kuonyeshwa kwa kurejea swali lililoulizwa kwenye dodoso.

Halafu kuna uvutaji wa zamani. Sehemu kubwa ya watu wazima wanaotumia vifaa hivi ama bado wanavuta sigara au waliwahi kuvuta, na mwili hausahau haraka. Makala inapodai kwamba imeondoa athari ya sigara, tazama imeiondoaje: kama ilimgawa kila mtu katika makundi matatu tu ya mvutaji, aliyeacha na asiyewahi kuvuta, basi mtu aliyevuta pakiti mbili kwa siku kwa miaka 30 na kuacha mwezi uliopita amehesabiwa sawa na aliyevuta wikendi akiwa chuoni. Udhaifu huu ni mkubwa, lakini tahadhari: kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu wa mbinu, si kosa, isipokuwa waandishi wawe wamedai kufanya kitu ambacho hawakukifanya.

Sasa mfuatano wa wakati. Hapa ndipo makala ya mwaka 2019 ilipokwama. Ilitumia data za awamu ya kwanza ya PATH, uchunguzi mkubwa wa Marekani kuhusu tumbaku na afya ulioanza mwaka 2013, na awamu hiyo ilimuuliza mtu mambo mawili kwa wakati mmoja: kama anatumia sigara za kielektroniki, na kama amewahi kuambiwa na daktari kwamba alipatwa na mshtuko wa moyo. Majibu hayo mawili hayasemi kipi kilitangulia. Brad Rodu wa Chuo Kikuu cha Louisville na mwenzake walifungua data zilezile, wakatazama umri wa mshiriki alipopatwa na mshtuko wa kwanza na umri alipoanza kutumia kifaa, na wakaripoti kwamba wengi wa watumiaji 38 waliopatwa na mshtuko walikuwa wameupata kabla ya kuanza, kwa wastani miaka 10 kabla. Historia ya bidhaa yenyewe ingeweza kuibua swali hilo hata kwa asiye na data: sigara za kielektroniki ziliingia katika soko la Marekani karibu mwaka 2007, kwa hiyo mshtuko wa mwaka 2004 hauwezi kusababishwa na kifaa ambacho kilikuwa hakijaanza kuuzwa huko. Unapokagua utafiti wowote wa aina hii, weka kando takwimu zote kwanza, uchore mstari wa wakati, kisha uandike juu yake mwaka bidhaa ilipopatikana, mwaka ambao mtu aliulizwa, na mwaka ambao ugonjwa ulitokea.

Mwisho wa ukaguzi ni uwiano wa odi, kipimo kinachogawa idadi ya waliopatwa kwa idadi ya wasiopatwa katika kila kundi, kisha kulinganisha makundi. Waandishi wengi, na wanahabari karibu wote, huusoma kana kwamba unasema hatari imeongezeka mara ngapi. Kwa tukio la nadra kosa ni dogo: kundi moja likiwa na asilimia 2 ya wagonjwa na uwiano ukiwa 2.25, kundi la pili litakuwa na asilimia 4.4 hivi, yaani ongezeko la mara 2.2. Kwa tukio la kawaida mambo hubadilika. Ikiwa asilimia 40 ya kundi moja na asilimia 60 ya kundi jingine wamejaribu sigara, uwiano wa odi ni 2.25 uleule, lakini hatari imeongezeka mara 1.5 tu. Sentensi inayosema “zaidi ya maradufu” hapo ni kosa la wazi, na ni miongoni mwa makosa rahisi zaidi kuyathibitisha, kwa sababu asilimia zenyewe mara nyingi zimo ndani ya jedwali la kwanza la makala hiyohiyo.

Pata data, na uhifadhi kila hatua

Data za tafiti nyingi za kitaifa zinapatikana kwa umma. PATH ina mafaili ya wazi na mafaili yenye vizuizi. Ya pili huombwa kupitia ICPSR, hifadhi ya data za utafiti katika Chuo Kikuu cha Michigan, kwa mkataba wa kulinda siri za washiriki. Kama data ni za waandishi wenyewe, soma tamko la upatikanaji wa data mwishoni mwa makala, kisha uwaombe kwa adabu, ukieleza unataka kukagua jedwali gani.

Rudia kwanza namba zao kabla ya kuleta zako. Ukianza moja kwa moja na uchambuzi wako mpya, waandishi watajibu kwamba umechagua washiriki tofauti, au umesahau uzito wa sampuli (namba zinazofanya washiriki wawakilishe idadi nzima ya watu), na huenda watakuwa sahihi. Ukionyesha kwamba uliipata idadi yao ileile ya washiriki na uwiano wao uleule, kisha ukabadilisha jambo moja tu na matokeo yakabadilika, umebakiza nafasi ndogo sana ya kubishana. Hifadhi msimbo wa uchambuzi, toleo la faili la data na tarehe uliyolipakua.

Pima uzito wa kosa kabla ya kuomba adhabu

Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoanzishwa mwaka 1997, imetoa miongozo ambayo majarida mengi huifuata. Kwa ufupi, sahihisho hutolewa pale sehemu ndogo ya makala isiyobeba hitimisho inapokuwa na kosa. Tamko la wasiwasi hutolewa pale shaka ni nzito lakini uchunguzi haujakamilika au hauwezi kukamilika. Na makala hubatilishwa pale kunapokuwa na ushahidi wa wazi kwamba matokeo hayaaminiki, iwe kwa udanganyifu au kwa kosa la nia njema. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake: kubatilishwa si hukumu ya tabia. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, inatambua pia njia ya kubatilisha makala na kuichapisha upya ikiwa imerekebishwa, pale kosa la nia njema linapobadilisha matokeo lakini utafiti wenyewe bado una thamani.

Usiombe kubatilishwa kwa makala pale sahihisho linapotosha. Mhariri anayepokea ombi la kubatilisha makala nzima kwa sababu ya kosa la kipimo katika jedwali moja huamini kwamba ana ugomvi mikononi mwake, na faili lako huhamia kwenye rundo la ugomvi. Ni afadhali ueleze kosa na athari yake, kisha umwachie mhariri kuchagua chombo. Akiona mwenyewe kwamba hitimisho limeanguka, atajua la kufanya.

Andika barua

Ni uungwana kuanza na mwandishi wa mawasiliano, yaani yule ambaye anwani yake imetajwa kwenye makala, na mara nyingi ndiyo njia ya haraka zaidi, isipokuwa pale unaposhuku udanganyifu. Hapo nenda moja kwa moja kwa mhariri ili ushahidi usivurugwe. Mpe mwandishi muda unaoeleweka, tuseme wiki mbili au tatu, kisha mwandikie mhariri ukiambatisha mawasiliano yenu.

Chagua pia mlango sahihi. Barua kwa mhariri inayochapishwa ni mjadala, nayo ina masharti makali: New England Journal of Medicine kwa miaka mingi imetaka barua za aina hiyo zisizidi maneno 175 na zifike ndani ya wiki 3 tangu makala ichapishwe, nayo JAMA imetaka zisizidi maneno 400 ndani ya wiki 4. Kagua masharti ya sasa kwenye tovuti ya jarida husika. Ombi la sahihisho halina kikomo hicho cha muda. Kosa la miaka mitano iliyopita bado ni kosa. Ukiwa umechelewa kwa mlango wa kwanza, usikubali kuambiwa kwamba umechelewa kwa milango yote.

Barua yenyewe iwe fupi kiasi cha kusomwa mara moja, na iandikwe bila kivumishi hata kimoja kinachowahusu waandishi. Mfano ufuatao ni wa kubuni, ukitumia kosa la kipimo lililoelezwa juu:

“Mheshimiwa Mhariri, naandika kuhusu makala yenye namba ya DOI iliyotajwa katika kichwa cha barua hii. Katika Jedwali la 2, ukolezi wa nikotini wa bidhaa yenye lebo ya asilimia 5 umeandikwa kuwa miligramu 50 kwa mililita. Lebo ya bidhaa hiyo hutaja asilimia kwa uzito, na mtengenezaji ametaja miligramu 59 kwa mililita. Kwa katriji ya mililita 0.7, nikotini iliyomo ni takriban miligramu 41, si 35 kama inavyoonekana katika safu ya nne. Safu ya tano, inayogawa nikotini iliyopimwa kwenye mvuke kwa nikotini iliyomo kwenye katriji, inashuka kwa takriban asilimia 15 katika kila mstari wa bidhaa hiyo. Sentensi ya mwisho ya muhtasari inategemea safu ya tano. Naomba waandishi wathibitishe kama walihesabu kwa ujazo, na kama ndivyo, jedwali na sentensi hiyo visahihishwe. Hesabu kamili zimeambatishwa. Sina maslahi ya kifedha wala uhusiano wa kikazi na mtengenezaji yeyote wa bidhaa za nikotini au za kuacha kuvuta sigara. Wako mwaminifu.”

Angalia kilichoachwa nje: hakuna neno kuhusu msimamo wa waandishi, wala historia yao, wala madhara ambayo kosa hilo limeleta katika sera. Kila dai limefungwa kwenye jedwali, safu au sentensi inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mhariri asiyejua lolote kuhusu nikotini anaweza kuchukua kikokotoo, azidishe 59 kwa 0.7, na amalize sehemu yake ya kwanza ya uchunguzi kabla ya chai.

Tangaza maslahi yako kabla hujaulizwa

Hakuna fani nyingine ya afya ya jamii ambamo swali la nani anakulipa huulizwa haraka kama hii, na lina sababu zake: kampuni za tumbaku zilificha na kupotosha sayansi kwa miongo mingi, na Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, una kifungu cha 5.3 kinachozitaka serikali kulinda sera zao za tumbaku dhidi ya maslahi ya sekta hiyo. Mwaka 2021 jarida la European Respiratory Journal lilibatilisha makala kuhusu uvutaji wa sigara na UVIKO-19, si kwa kuwa namba zilionekana kuwa na kosa, bali kwa sababu waandishi wawili hawakutangaza uhusiano wao na sekta ya tumbaku. Aliyeficha maslahi yake amempa mpinzani wake jibu asilohitaji hata kulifikiria.

Kwa upande mwingine, mwenye maslahi hanyimwi haki ya kuonyesha kosa. Utafiti wa Rodu umegharimiwa kwa miaka mingi na ruzuku za kampuni za tumbaku kwa chuo chake, jambo ambalo yeye mwenyewe hulitangaza, na ukosoaji wake ungeweza kuishia hapo. Haukuishia hapo kwa sababu safu mbili za umri zilikuwa mle ndani ya data, zikimsubiri yeyote atakayezifungua. Na mnamo Januari 2020 watafiti 16, wakiwemo watu waliotumia maisha yao kupambana na uvutaji wa sigara, waliwaandikia wahariri wakitaka suala hilo lichunguzwe. Ukiweza kupata mtaalamu asiyeshiriki msimamo wako akakagua hesabu zako na kukubali jina lake liwekwe chini ya barua, umeiongezea nguvu kuliko kurasa kumi za hoja.

Subiri, kisha panda ngazi kwa mpangilio

Jarida likikiri kupokea barua, andika tarehe na namba ya faili. Wahariri hulazimika kuwasikiliza waandishi, na mara nyingine kutafuta mhakiki huru wa takwimu, hivyo miezi kadhaa ni jambo la kawaida. Ukumbusho mmoja kwa mwezi unatosha, na uwe wa mistari miwili. Likikaa kimya kabisa, mwandikie mhariri mkuu, kisha ofisi ya maadili ya mchapishaji. Baada ya kumaliza taratibu za malalamiko za jarida, unaweza kupeleka suala kwa COPE endapo jarida ni mwanachama; lakini elewa kwamba COPE huangalia kama jarida lilifuata utaratibu, haiamui nani yuko sahihi kisayansi. Kama unachoshuku ni udanganyifu, anayechunguza ni taasisi iliyomwajiri mtafiti, kwa kuwa jarida halina uwezo wa kufungua kabati za maabara.

Njia ya wazi ni PubPeer, jukwaa lililoanza mwaka 2012 ambako mtu anaweza kutoa maoni kuhusu makala hata bila kutaja jina. Litumie baada ya kumwandikia mhariri, na uandike pale kwa ukavu uleule wa barua. Mitandao ya kijamii ni jambo jingine: ukishatangaza huko kwamba makala ni ya uongo, mwandishi aliyekuwa tayari kukiri kosa dogo atajikuta akitetea jina lake.

Ikiwa kosa ni lako

Wajulishe waandishi wenzako siku hiyohiyo, kisha zuia mafaili ya data na msimbo yasiguswe tena. Rudia uchambuzi wote, si mstari wenye kosa pekee, kwa sababu kigeu kilichogeuzwa vibaya mara moja kwa kawaida kimetumika mahali pengine. Mwandikie mhariri ukieleza kosa, lilivyotokea, kila namba iliyobadilika na kama hitimisho limesimama au limeanguka. Majedwali mapya yawekwe kando ya yale ya zamani. Kama kosa linagusa data zilizotolewa kwa mkataba, hakikisha ruhusa yako ya kuzifikia haijakwisha. Katika kisa cha mwaka 2019, tangazo la kubatilisha lilieleza kwamba wahakiki walikuwa wameuliza swali la mfuatano wa wakati hata kabla ya makala kukubaliwa, kwamba wahariri hawakuhakikisha ombi hilo limetekelezwa, na kwamba uchambuzi ulioombwa baadaye haukukamilika kwa sababu waandishi hawakuweza tena kuifikia hifadhidata. Ombi la kuongezewa muda wa mkataba linalochukua wiki mbili linaweza kuwa tofauti kati ya makala iliyosahihishwa na makala iliyobatilishwa.

Fuatilia baada ya tangazo

Tangazo likitoka, lisome kwa makini. Linapaswa kupatikana bila malipo, kuunganishwa na makala ya awali pande zote mbili, na kueleza nani ametoa uamuzi na kwa sababu gani. Baada ya wiki chache, hakikisha PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, inaonyesha alama ya sahihisho au ya kubatilishwa, na kwamba hifadhidata ya Retraction Watch ya makala zilizobatilishwa, ambayo tangu mwaka 2023 inamilikiwa na Crossref, shirika linalosajili namba za DOI, na iko wazi kwa wote, imeandikisha makala iliyobatilishwa. Programu ya kutunza marejeo kama Zotero humtahadharisha mtumiaji pale makala iliyobatilishwa inapokuwa kwenye maktaba yake, lakini tahadhari hiyo hutegemea taarifa hizo kuwa zimeingizwa.

Kilichobaki ni makala zilizokwisha kuinukuu, na hapa hakuna mashine inayofanya kazi kwa niaba yako. Makala zilizobatilishwa huendelea kunukuliwa kwa miaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Tafuta orodha ya zilizoinukuu, kisha anza na mapitio ya kimfumo, yaani makala zinazojumlisha tafiti nyingi, yaliyoingiza namba zake katika hesabu ya pamoja, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosomwa na watunga sera. Kwa kila moja, angalia uzito uliopewa utafiti huo katika mchoro wa jumla, rudia hesabu ukiutoa, na uwatumie waandishi wa mapitio barua ya aya moja yenye namba mbili: jumla ya awali na jumla mpya. Mapitio hai, yaani yale yanayohuishwa mara kwa mara, kama ya mtandao wa watafiti wa Cochrane kuhusu sigara za kielektroniki na kuacha kuvuta, yana utaratibu wa kupokea taarifa za namna hiyo katika toleo linalofuata. Kwa mapitio ya kawaida yaliyokwisha kufungwa, ombi huenda kwa mhariri wa jarida husika, kwa utaratibu uleule ulioelezwa hapo juu, likiwa na kiungo cha tangazo la kubatilisha katika mstari wa kwanza.